Motari Anatafuta Mjomba

Mume wangu Motari ana tabia moja ambayo ingemfukuzisha mke mwingine yeyote: hawezi kuulizwa habari za mahema bila na yeye kuuliza ukoo. Mtu anapiga simu, amefiwa na baba, anataka mahema na viti vya wageni. Motari anampa pole, anauliza siku, anauliza mahali, kisha anakohoa kidogo. Mimi nikisikia kile kikohozi huwa naondoka nikaangalie chungu jikoni, maana najua kinachofuata. "Samahani ndugu yangu, hapo kwenu kulikuwa na binti aliyeolewa na Mkisii zamani? Anaitwa Dorka?" Mtu wa watu yuko msibani, na huyu anamuuliza habari za Dorka!

Tunaishi Migori mjini. Sisi ni Wakisii, Wasabato, na tumelea watoto wetu kwa kazi ya kukodisha mahema, viti na sufuria kubwa za shughuli. Mimi Bochaberi ndiye wa sufuria, Motari ndiye wa mahema. Kwa haki kabisa tungeweza kula vizuri bila kutoka mjini, kwa kuwa harusi zipo, mikutano ya wanasiasa ipo, na watu wanazikwa kila Ijumaa. Lakini Motari hapendi kazi za karibu. Yeye anapenda mazishi, na anapenda mazishi ya kando ya ziwa: Sori, Magunga, Sindo, huko ambako pikapu inarudi ikilia kila mahali. Anasema palipo na mazishi pana ukoo mzima umekaa kwenye viti vyake, wazee kwa vijana, na kila mmoja anasimama kueleza yeye ni nani kwa marehemu. Wengine siku hizi wanatafuta jamaa zao kwa simu na kwa mate waliyotema kwenye kichupa cha kupimia DNA. Mume wangu anawatafuta kwa mahema.

Aliokuwa akiwatafuta walikuwa watu wa mama yake. Alichokijua kuwahusu kilikuwa kidogo. Mama yake alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwani, jina lake la ubatizo Dorka. Baba yake, Ratemo, alikuwa Mkisii mtembezi aliyezunguka sokoni na gramafoni aliyoifunga nyuma ya baiskeli, akiwapigia watu muziki kwa malipo madogo. Dorka alikuja kucheza, akacheza sana, na Ratemo alipoondoka soko lile hakuondoka peke yake. Dorka akafariki Motari akiwa mtoto mdogo bado. Kila mara mtoto alipomuuliza baba yake, "Kwa kina mama ni wapi?", Ratemo alikuwa akijibu, "Mama yako nilimwoa kwa gramafoni! Wenzangu walitoa ng'ombe, mimi nikatoa gramafoni!" Kisha anacheka mpaka machozi yanamtoka, halafu yale machozi yanabadilika yanakuwa mengine, na anatoka nje. Alikufa bila kutaja jina la kijiji.

Sasa wewe unayesoma, kama una mjomba, hutaelewa mara moja. Wenzake Motari shule zikifungwa walikwenda kwa kina mjomba, wakarudi wamenona na hadithi za kuku waliochinjiwa na maji waliyotumwa na wajomba. Yeye alibaki. Alipopashwa tohara, wenzake walipokea zawadi kutoka kwa wajomba zao, na yeye akashika mikono yake miwili. Na siku ya arusi yetu, walipoitwa wajomba wa bwana arusi wasimame, alisimama jirani mmoja ambaye shemeji zangu walikuwa wamemlipa kwa soda. Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, mpaka nilipomtazama bwana arusi. Alikuwa anatazama kiatu chake. Tangu siku hiyo sijawahi kumkataza kuuliza. Kumkejeli nimemkejeli sana, lakini kumkataza, hapana.

Na alinipa sababu za kumkejeli, Mungu wangu! Kuna wakati alisikia kwamba mtu mmoja wa Ogwedhi anamfahamu vizuri sana Dorka aliyetoka ziwani. Akafunga safari mpaka kule kwenye mnada wa mifugo, amevaa koti la kanisani, amebeba sukari na majani chai ya kuwasalimia wazee. Kumbe Dorka anayezungumziwa ni ng'ombe. Alinunuliwa ziwani na kuletwa Ogwedhi, na kwa kweli alikuwa ng'ombe mzuri, Motari mwenyewe alikubali. Mara nyingine kule Sori familia nzima ilimkumbatia. Walilia naye, wakamwita mwana wetu aliyepotea, wakashika jogoo wa kumchinjia. Jogoo yuko chini ya kisu, Dorka mwenyewe akatoka jikoni, mzima wa afya, ananuka omena, wale dagaa wa ziwani, anauliza nani amekufa. Yule jogoo aliponea hapo, na mume wangu akarudi nyumbani na njaa.

Basi umri ukatufikia. Magoti ya Motari yalianza kumsumbua, na bibi wa miaka yangu hapandi tena nyuma ya pikapu kuhesabu viti. Binti yetu Liz alikuwa tayari kuchukua kazi. Lakini Motari kila wiki alikuwa na safari moja tu iliyobaki. Usiku mmoja... hapana, ilikuwa asubuhi, tukinywa uji, nikamwambia, "Baba Liz, hii ya Sindo ndiyo ya mwisho. Ukitoka Sindo, ufunguo wa pikapu unampa Liz, na wewe unakaa chini."

"Sawa," akasema.

Alikubali haraka mno. Nilimtazama, naye alikuwa amekiinamia kikombe. Halafu akasema polepole, "Mama Liz, wale wanaomjua mama wanaisha. Kila nikijenga hema nawaza labda huyu tunayemzika ndiye alikuwa wa mwisho kumjua. Nikikaa chini, basi imeisha. Nitakufa nikiwa mtu wa upande mmoja."

Nikaamua nitakwenda naye hiyo safari ya mwisho, kwanza nihakikishe ni ya mwisho kweli, na pili, sikutaka arudi peke yake na mikono mitupu.

Aliyekuwa ametuita Sindo alikuwa kijana anaitwa Bonface, aliyefiwa na mzee wao. Mahema yafike Alhamisi, mazishi Ijumaa mapema, na sisi tuwe nyumbani kabla Sabato haijaingia jua likitua. Mpango safi. Kasoro moja ilikuwepo, nami niliijua baadaye sana: Motari alipozungumza na Bonface alikuwa ameshughulika kuuliza habari za Dorka. Bonface akasema hamjui. Motari kwa huzuni yake akakata simu bila kuuliza jina la marehemu.

Tukaondoka Migori na vijana wawili wa kazi juu ya mzigo. Tulipofika Magunga gurudumu likapiga kelele na kukaa chini. Msumari! Nililalamika mpaka nikachoka. Nililalamikia barabara, gurudumu, Bonface, na mume wangu anayependa kazi za mbali. Sasa ninapokumbuka najionea aibu, maana ule msumari ningepaswa kuufunga kwenye leso na kuuweka kabatini.

Fundi akiwa bado anaziba, ukapita msafara. Gari la maiti limetangulia, magari yamefungwa matawi ya miti mbele, pikipiki zinapiga honi, watu wanaimba. Motari akalipungia mkono gari la mwisho.

"Mnaenda mazishi Sindo?"

"Hata hatufiki Sindo mjini, ni hapa kabla! Tufuateni!" akajibu dereva.

"Unaona?" Motari akaniambia, amefurahi. "Hata hatuna haja ya kuuliza njia."

Nilipaswa kuuliza, "Motari, unadhani upande huu wote wa ziwa anazikwa mtu mmoja tu?" Sikuuliza. Nilikuwa nimemaliza maneno yangu kwenye ule msumari.

Tukafuata. Tulipoingia katika boma la watu, yalitupokea mapokezi ambayo sijawahi kuyaona katika kazi hii. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee waliokuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta wakainua fimbo zao. Mwanamume wa makamo aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya marehemu kifuani akaja mbio, akafungua mlango wa pikapu kabla haijasimama.

"Mmechelewa jameni! Nilikuwa nimesema leo tunaaibika! Kwani mlikuwa wapi?"

"Pancha," Motari akajibu. "Tusamehe sana."

"Si kitu, si mmefika? Shusheni, shusheni. Mimi ni Gordon, marehemu ni baba yangu."

Mimi nilidhani Bonface ni ndugu yake, amekwenda kushughulikia mambo mengine. Gordon naye, tuligundua kesho yake, alikuwa amekodi mahema kwa mtu mwingine kabisa ambaye hakuwahi kumwona uso. Kwa hiyo tulikuwa tumekosea pande zote mbili kwa usawa, na kwa sababu hiyo mambo yalikwenda vizuri sana. Tukajenga mahema. Tukapanga viti. Tukapewa samaki na ugali, tukapewa mahali pa kulala. Kwenye kitambaa kikubwa kilichotundikwa mbele ya nyumba kulikuwa na picha ya marehemu, mzee Elijah, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Motari alisimama mbele ya ile picha kidogo, akasema, "Huyu alikuwa mtu wa mzaha," kisha akaenda kukaza kamba.

Kesho yake ibada ilianza mapema, watu wamejaa hata vivuli vikawa havitoshi. Nikiwa nyuma na sufuria zangu, simu ya Motari ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa Bonface.

"Mama, hizo tent ziko wapi? Tangu jana napiga simu haiingii! Watu wamekaa kwa jua!"

"Si ziko hapa! Sisi tumefika tangu jana."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenu."

"Mama, mimi ndio niko kwetu. Hakuna tent."

Nikageuka, nikamwona Gordon anapita na maji ya wahubiri. "Samahani, wewe una ndugu anaitwa Bonface?"

"Bonface ni nani?" akasema.

Nikamfuata Motari nikamnong'oneza. Uso wake ulibadilika rangi, kisha akafanya kile anachofanya akichanganyikiwa, yaani akachukua nyundo. Akataka kung'oa. Miaka yake yote katika kazi hii hajawahi kumwacha mfiwa juani, na sasa kwenye safari ya mwisho anamwacha Bonface! Gordon akaja mbio, akasimama kati yake na nguzo.

"Mzee, unang'oa hema juu ya kichwa ya baba yangu?"

"Hili si lenu. Ni la mtu mwingine."

"Na jana ulipokula samaki, ulikula ya nani?"

Walibishana kwa kunong'ona, wamekunja nyuso, huku kwaya inaimba. Mwishowe wakakubaliana: mahema ya mbele yabaki, lile la nyuma kabisa ling'olewe lipelekwe kwa Bonface, wageni wa Bonface wabanane humo hivyo hivyo. Motari akaenda nyuma, akapiga goti lake bovu, akaanza kung'oa vigingi. Mimi nikasimama karibu naye, nimekasirika, nimeona haya, ninawaza safari ya mwisho imekwisha hivi.

Huko mbele emsii, yule mwongoza shughuli, alikuwa anaita makundi yaje kumuaga marehemu. Waliitwa watoto, wakaja. Waliitwa wakwe, wakaja na vitambaa vyao. Kisha akasema kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa mbali, "Sasa tunaomba okewo. Mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, mahali yuko apite mbele. Yeye ndiye wa kumshika mjomba wake."

Hakuna aliyesimama. Emsii akaita tena. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo mjane wa marehemu, Mama Roselyn, bibi mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu waliovuka ng'ambo, akanyoosha mkono na kuchukua kipaza sauti.

"Mnaita nani?" akasema kwa Dholuo, ambayo sisi wa Migori tunaielewa. "Mtaita mpaka jioni. Elijah alikuwa na dada mmoja tu. Mimi nilikuja kuolewa hapa nikamkuta, na sikukaa naye hata msimu mmoja, akaondoka. Alichukuliwa na Mkisii wa baiskeli. Baba mkwe wangu alipowafuata ili adai ng'ombe, yule Mkisii akamwachia gramafoni, akasema ishike hii kwanza. Na ndiyo hiyo tuliyobaki nayo. Kwa hiyo hatuna mpwa. Tuna gramafoni. Kama mnataka, iteni hiyo ipite mbele."

Watu walicheka, msibani kabisa, walicheka mpaka mchungaji akafunika mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mume wangu. Amepiga goti, kigingi kiko mkononi, mdomo wazi. Akajaribu kuinuka akashindwa. Nikamshika kwapa nikamwinua.

"Nenda," nikamwambia. "Baba Liz, nenda!"

Alikwenda. Alipita katikati ya viti na nyundo yake mkononi, na matope kwenye goti, moja kwa moja mpaka kwenye kipaza sauti. Emsii akamzuia kwa adabu. "Mzee wa tent, hayo mengine tutaongea baada ya programu."

"Dorka," Motari akasema. Kipaza sauti kikalipeleka lile jina mpaka barabarani. "Huyo dada alikuwa Dorka. Mimi ni mtoto wake."

Nataka nikuambie kwamba walimkimbilia na kumkumbatia, lakini hawakufanya hivyo, na siwalaumu. Kila mazishi makubwa huwa na mtu anayejitokeza na ukoo aliouokota njiani, na kawaida mtu huyo ana macho kwenye shamba. Gordon akasogea, mikono kiunoni.

"Mzee, jana ulikuwa mtu wa tent. Leo wewe ni mtoto wa shangazi yangu?"

"Jana sikujua," Motari akasema.

Mama Roselyn akamnyamazisha mwanawe kwa mkono. Akamtazama Motari kuanzia nywele mpaka viatu, taratibu, kama mtu anayechagua samaki. Kisha akauliza swali moja, na hakuuliza kwa kipaza sauti, lakini watu walikuwa wametulia kiasi kwamba hata sisi wa nyuma tulilisikia.

"Baba yako alikuambia nini kuhusu hiyo gramafoni?"

Motari akaangalia chini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna kipande cha hadithi hii alichonificha miaka yote ya ndoa yetu, mimi niliyedhani namjua mpaka kwenye soksi.

"Naona aibu kusema, Mama."

"Sema."

"Alisema ilikuwa mbovu. Springi ilikatika siku ile ile, na hakupata fundi. Alisema aliwaachia kwa kuwa ilikuwa haipigi tena. Ndiyo maana akisimulia alikuwa anacheka. Halafu mama alipokufa, akisimulia alikuwa analia. Aliogopa kurudi kwenu kwa sababu ya hicho kitu."

Mama Roselyn akapiga kelele. Sijui niieleze vipi ile kelele. Haikuwa kilio na haikuwa kigelegele, ilianza kama kimoja ikaishia kama kingine. Akarusha kitambaa chake cha kichwa chini.

"Mbovu! Wololo! Ilikuja ikiwa mbovu!"

Na boma lote likalipuka. Wazee waliinuka na fimbo, kina mama wakashikana, mtu mmoja aliangusha kiti changu na sikujali. Sisi wageni tulikuwa hatuelewi kelele ni za nini, mpaka Gordon, machozi yanamtoka na meno yote yako nje, alipochukua kipaza sauti akatueleza.

Gramafoni ilipoingia katika boma lile, Elijah alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Baba yake aliiweka ndani, akakataza mtu yeyote kuigusa. Siku ya kuwaita majirani waje wasikilize utajiri wa mkwe, ikazungushwa, ikazungushwa tena, haikutoa hata sauti ya mbu. Na mtu wa pekee aliyekuwa ameonekana karibu nayo alikuwa Elijah. Alikiri kwamba aliuzungusha mpini wa gramafoni mara moja tu, kwa hamu. Alipigwa. Tangu hapo, katika ukoo ule, chochote kikiharibika, watu husema Elijah amekigusa. Pampu ya maji ikikataa, Elijah. Redio ikinyamaza, Elijah. Hata wajukuu walijua. Aliapa mpaka uzeeni kwamba hakuvunja kitu, na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka, na yeye akazoea kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Gordon alipomaliza, akaliacha lile kundi, akaenda mpaka kwenye jeneza, akaliinamia.

"Baba," akasema, "umesikia? Haikuwa wewe."

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, mimi Msabato wa Migori ambaye simjui marehemu, nikalia na nikacheka pamoja, nimeshika mwiko wa sufuria. Na nilipofuta macho, nikamwona Mama Roselyn amemshika mume wangu mashavu yote mawili kwa viganja, anamtingisha kichwa huku na huku, anamwambia, "Mwizi! Mtoto wa mwizi! Ulikuwa wapi?" Naye Motari anajibu, "Nilikuwa najenga mahema, Mama. Nilikuwa nawatafuta."

Simu ikalia tena. Bonface! Nilipokea nikiwa tayari kuomba msamaha wa kupiga magoti.

"Mama, wacha tu," akasema. "Kuna lori imekuja hapa na tent. Dereva anasema anatafuta boma ya mzee Elijah, amepotea tangu jana. Tumeshamshusha. Hatumwachilii."

Niliketi chini kwenye nyasi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Msumari wa Magunga, dereva wa lori asiyejua njia, na mume wangu anayeuliza habari za Dorka badala ya jina la marehemu. Ondoa kimoja tu kati ya hivyo, tungekuwa kwa Bonface, tunahesabu viti, na Elijah angezikwa na lawama yake. Mimi nasema ni mkono wa Mungu. Motari anasema ni msumari. Hatujakosana kwa hilo, kwa kuwa sidhani Mungu anadharau misumari.

Kulikuwa na uchungu pia, siwezi kuuficha. Emsii alipoita tena, "Okewo apite mbele," Motari alipita peke yake, ameshaacha nyundo, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Aliweka mkono juu ya jeneza akauacha hapo. Miaka yote alikuwa akimtafuta mjomba, na amempata akiwa haongei. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu anapapasa ule ubao kwa kidole gumba, taratibu, mpaka wachukuaji walipokuja.

Baada ya mazishi Mama Roselyn aliwaweka sawa. Akamshika Gordon mkono, akamshika Motari mkono. "Elijah ameenda, lakini mpwa hawezi kukaa bila mwenyewe. Gordon, mtoto wa mjomba naye ni mjomba. Huyu sasa ni wako."

Gordon anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alimtazama yule mzee mwenye mvi aliyekabidhiwa, akaona haya, akajikuna shingo. Lakini Motari hakuona haya hata chembe.

"Mjomba," akamwita. Akalisikiliza lile neno likitoka mdomoni mwake, likampendeza, akaliita tena bila sababu. "Mjomba!"

"Eh, naam," Gordon akasema.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ziwa na mimi nikakumbuka Sabato. Viti vilikuwa bado viko nje, sufuria hazijaoshwa, na Migori iko mbali. Nikawaambia vijana wapakie upesi, nikaenda kumtafuta mume wangu. Nilimkuta nyuma ya jikoni, anakimbia. Nasema anakimbia, yeye ambaye kwa miezi alikuwa anashuka kitandani kwa kushika ukuta! Ndoo iko mkononi, suruali imekunjwa, jasho linamtiririka, anawapita wajukuu waliokaa bure na simu zao.

"Baba Liz!" nikamfokea. "Magoti yako! Na jua linatua, twende nyumbani!"

"Siwezi," akasema. Hakusimama hata kidogo, ilibidi niende naye sambamba. Uso wake ulikuwa umelowa, na sikuweza kujua maji ni yapi na machozi ni yapi. "Siwezi kuondoka sasa, Mama Liz. Mjomba amenituma maji."

Nikarudi jikoni, nikachukua ndoo nyingine, nikamfuata.